Boksi la vitabu vya Mababa wa Kanisa: uanzie wapi, na dinari mbili uzifanyeje

"Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mwalimu wa Shule ya Jumapili hapa Mwanza. Mchana nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Mchungaji wetu alipostaafu aliniachia boksi la vitabu vya Kiingereza: juzuu kadhaa za maandishi ya Mababa wa Kanisa, yaani walimu wa Kikristo wa karne za mwanzo, na vitabu viwili vya historia ya theolojia. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Nilianza juzuu ya kwanza, ukurasa wa kwanza, nikafika kwenye barua za Ignasi nikakwama: kila barua imechapwa mara mbili, safu kwa safu, na hazifanani. Nikarukia kitabu kingine, nikakuta Augustino anasema mfano wa Msamaria mwema ni habari ya Adamu: nyumba ya wageni ni Kanisa, mwenye nyumba ni mtume Paulo. Sisi tumefundishwa kusoma Neno kama lilivyo. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia nivirudishe vitabu kabla havijanipoteza. Kijana wa chuo naye anasema Biblia na Utatu vilipigiwa kura kwenye mkutano wa Nikea, Kaisari Konstantino akiwa mwenyekiti. Je, watu hawa walikuwa wanachezea Maandiko? Niviache au niendelee, na nikiendelea nianzie wapi? Nina saa moja usiku, siku nne kwa wiki. Mwezi ujao nafundisha Luka 10."

Marahaba, mwalimu. Usivirudishe. Ila usiendelee kama ulivyoanza, maana ukizifuata juzuu hizo ukurasa kwa ukurasa utachoka mapema, na utabaki na moja kati ya mawili: kuwadharau waliosoma Biblia kabla yetu, au kuwaiga vibaya.

Nianze na Ignasi kwa sababu ndiye aliyekusimamisha, na jibu lake ni fupi. Kitabu chako hakina kasoro. Kwa maelezo yako, ulicho nacho ni sehemu ya ule mkusanyiko wa karne ya 19 wenye juzuu 38, ambao wahariri wake waliamua kuchapa barua za Ignasi kwa namna mbili, fupi na ndefu, zikikabiliana. Ignasi alikuwa askofu wa Antiokia. Mwanzoni mwa karne ya 2 alipelekwa Rumi chini ya ulinzi wa askari ili akauawe, na njiani akaandika barua 7. Katika karne ya 4 mtu mwingine alizichukua akazirefusha kwa kupachika maneno yake. Soma toleo fupi tu. Baada ya hizo 7 utakuta nyingine ambazo si zake kabisa, zimewekwa kwa ajili ya wachunguzi. Ziruke bila kujuta.

Sasa kiini cha wasiwasi wako. Unamwona mtu mwenye akili kama Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, anachukua kisa kilicho wazi, cha kumsaidia aliyepigwa barabarani, anakigeuza kuwa habari ya Adamu. Unajiuliza: kama yeye aliruhusiwa, nani atamzuia mhubiri wa mtaa wa pili atakayesema dinari mbili ni sadaka ya kwanza na sadaka ya pili? Una haki ya kuuliza.

Lakini msingi mmoja wa swali umekaa vibaya. Umetuweka upande mmoja sisi tunaosoma kama lilivyo, na upande wa pili wao wanaofumbua mafumbo. Fungua Wagalatia 4:24. Paulo anazungumza juu ya Hajiri na Sara, anasema mambo haya husemwa kwa mfano, na wanawake wale ni maagano mawili. Katika 1 Wakorintho 9 anachukua sheria ya kutomfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka, anaitumia kwa riziki ya mhubiri. Sura inayofuata, mwamba wa jangwani ni Kristo. Na wewe mwenyewe Pasaka ikifika unawaambia watoto kuwa damu iliyopakwa kwenye miimo ya milango kule Misri inaonyesha damu ya msalaba. Hapo umesoma kama Mababa walivyosoma, ila njia hiyo umeizoea mpaka huioni tena. Kwamba Andiko lina maana ya ndani, mmekubaliana nao tayari. Kinachobaki ni kujua nini kinaizuia maana hiyo isikimbie hovyo.

Walifanyaje kazi? Mtoto aliyesoma shule ya Kigiriki au Kilatini wakati ule alifundishwa na mwalimu wa sarufi kulikagua andiko neno kwa neno: nakala ipi ni sahihi, neno hili lina maana gani, nani anasema, mji huu uko wapi, kwa nini mshairi ametumia neno hili akaacha lile. Mababa walilipeleka zoezi hilohilo kwenye Biblia, wakaongeza imani moja, kwamba Roho Mtakatifu hapotezi neno. Pakiwa na kitu cha kushangaza katika aya, hesabu isiyo na sababu au jina la mji ambalo kisa kingeweza kuendelea bila hilo, kwao hiyo ni alama ya kuchimba. Origene wa Aleksandria, aliyefariki katikati ya karne ya 3, anauliza waziwazi: siku tatu za kwanza za Mwanzo zilipataje jioni na asubuhi wakati jua halijaumbwa? Kwake Mungu ameacha vikwazo vya namna hiyo kwa makusudi, ili msomaji asiishie juu juu. Mswahili haoni ajabu hapa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Halafu kuna kumbukumbu. Walikuwa na vipande vikubwa vya Biblia kichwani, hasa Zaburi, kwa hiyo neno moja likiguswa, aya nyingine zenye neno hilo zinaitika. Ndiyo maana katika ukurasa mmoja utawaona wametoka Mwanzo, wameingia Isaya, wametokea Yohana, na wewe umebaki unatafuta walipita wapi. Karibu kila mara wamepita kwenye neno. Ukilipata hilo neno, ukurasa mzima unafunguka.

Mtazame Msamaria kwa macho hayo. Usomaji ule haukubuniwa na Augustino. Ireneo, askofu wa Lyon, anaugusia yapata mwaka 180, na Origene katika mahubiri yake juu ya Luka anasema ameupokea kwa mmoja wa wazee. Luka anaandika kwamba mtu alishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Kijiografia ni kweli kabisa. Yeriko iko chini ya Yerusalemu kwa takriban mita 1,000. Lakini kwa msikilizaji wa kale, mtu asiye na jina wala kabila anayeshuka kutoka mji mtakatifu anamkumbusha mwanadamu aliyetoka bustanini. Kuhani na Mlawi wanapita kando: Torati na manabii wameliona jeraha, hawakuliponya. Kisha linakuja neno lenyewe, Msamaria. Origene anajua kuwa lilihusishwa na neno la Kiebrania lenye maana ya mlinzi. Anajua pia Yohana 8:48, pale Yesu anapoambiwa kuwa yeye ni Msamaria, tena ana pepo. Jibu lake: mimi sina pepo. Shtaka moja amelikana, la pili ameliacha lipite. Basi Msamaria anayemwinua aliyeanguka ni nani? Hapo ndipo fundo lilipofungwa.

Unaweza kuukataa usomaji huu. Wengi wameukataa, hasa tangu Adolf Jülicher, mtaalamu wa Agano Jipya wa Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19, alipofundisha kwamba mfano wa Yesu una hoja moja tu. Vitabu vingi vya karne ya 20 humnukuu Augustino juu ya Msamaria ili kumcheka, na nadhani ni katika kitabu cha namna hiyo ulikokutana naye, akiwa amekatwa kwenye muktadha wake. Ila kumwita mchezeaji ni kazi ngumu, maana kila hatua ina sababu iliyomo kwenye maneno. Tena Origene anayamaliza mahubiri yaleyale kwa amri ya Yesu, "Enenda zako, nawe ukafanye vivyo hivyo," akisema inawezekana kumwiga Kristo kwa kuwahurumia walioangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Maana ya ndani haikuifuta ile ya nje.

Na breki je? Walikuwa nazo mbili. Ireneo alipambana na walimu waliotumia aya zilezile za Biblia kufundisha kwamba Mungu aliyeumba dunia si Baba wa Yesu. Katika kitabu chake cha kwanza dhidi yao, sura ya 8, kilichomo humohumo kwenye juzuu yako ya kwanza, anatoa picha. Fundi ametengeneza sura ya mfalme kwa vito. Mtu mwingine anavibandua, anavipanga vilevile kuwa sura ya mbwa au mbweha, halafu anawaambia watu kwamba ndiyo ile sura ya mfalme. Huku ziwani tungesema mbao ni zilezile za mtumbwi, ila ulichopigilia ni jeneza. Kinachomwonyesha Mkristo umbo sahihi ni kanuni ya imani, ule muhtasari aliofundishwa alipobatizwa: Mungu mmoja aliyeumba mbingu na nchi, Mwana aliyefanyika mwili, akateswa, akafufuka, atakuja tena. Utaukuta katika sura ya 10. Usomaji unaovunja umbo hilo haukubaliki hata uje na aya mia.

Breki ya pili ni ya Augustino mwenyewe, katika kitabu alichoandika juu ya namna ya kuyaelewa na kuyafundisha Maandiko. Alikianza karibu na 396, akakimaliza miaka 30 hivi baadaye. Anasema karibu kila kilichofichwa katika sehemu ngumu za Maandiko kinapatikana mahali pengine kikiwa wazi kabisa. Kwa kazi yako hiyo ina maana kwamba fumbo linaweza kuamsha na kukumbusha, lakini haliruhusiwi kuingiza fundisho geni. Karne nyingi baadaye Thomas wa Akwino aliifanya kuwa sheria: hoja ya theolojia husimama juu ya maana ya maneno yenyewe peke yake. Kwa hiyo yule mhubiri wa sadaka ya pili ana swali moja la kujibu: ni wapi pengine Biblia imelisema hilo waziwazi? Augustino anaongeza picha ninayoipenda. Anayeona katika andiko maana ambayo mwandishi hakuikusudia, lakini maana hiyo inajenga upendo, ni kama mtu aliyeacha barabara akakatiza shambani na kufika kulekule barabara inakokwenda. Amefika, lakini aonyeshwe barabara, asije akazoea kukatiza na siku moja akapotea.

Walikosea? Ndiyo, na huna haja ya kwenda mbali. Mbele kidogo baada ya Ignasi utakutana na Waraka wa Barnaba. Usitegemee kwamba aliuandika yule Barnaba wa Matendo. Mwandishi anasoma Mwanzo 14:14, Abramu na watu wake 318. Kigiriki huandika hesabu kwa herufi: 10 ni iota na 8 ni eta, herufi mbili za kwanza za jina la Yesu, 300 ni tau, ambayo ina umbo la msalaba. Basi Abramu aliuona msalaba. Anajisifu kwamba hajapata kumfundisha mtu neno la kweli kuliko hilo. Tatizo ni kwamba Mwanzo hakikuandikwa kwa Kigiriki. Yustino, mwalimu Mkristo wa katikati ya karne ya 2, naye anawashutumu Wayahudi kwamba wamefuta maneno "kutoka katika mti" kwenye Zaburi isemayo Bwana ametawala, ambayo kwetu ni ya 96. Katika Kiebrania maneno hayo hayamo. Waliyoyaingiza ni Wakristo.

Kuna baya zaidi ya hesabu. Melito, askofu wa Sardi, anawabebesha Wayahudi wote lawama ya kifo cha Kristo, na Yohane Krisostomo alihubiri maneno makali mno dhidi yao kule Antiokia mwaka 386 na 387. Maneno ya namna hiyo yalikuja kutumika kuwatesa watu. Yasome ujue yapo, lakini yasipande nawe mimbarini. Wewe unawajua dagaa walioanikwa mchangani: gunia hulitupi, ila huuzi bila kupepeta.

Vitabu vyako vya historia huenda vikakuambia kulikuwa na shule mbili: Aleksandria ya mafumbo na Antiokia ya maana wazi. Ichukue kama ramani ya kuchora kwa mkono. Watu wa Antiokia nao waliona mifano ya Kristo katika Agano la Kale, na Origene ndiye aliyepanga nakala za Agano la Kale katika safu 6 ili kulinganisha Kiebrania na tafsiri za Kigiriki. Huo si uvivu wa mtu anayekimbilia mafumbo.

Sasa kijana wa chuo. Mkutano wa Nikea, mwaka 325, haukuchagua vitabu vya Biblia. Uliacha imani iliyoandikwa, uamuzi juu ya tarehe ya Pasaka, na kanuni 20 za nidhamu. Hakuna hata moja inayotaja orodha ya vitabu. Ireneo alikuwa anatetea Injili nne miaka 145 hivi kabla. Orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, bila kupungua wala kuzidi, imo katika barua ya Pasaka ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Konstantino aliuitisha mkutano na kuuhutubia, hilo ni kweli. Lakini kama serikali ndiyo iliyoleta Utatu, ilikuwa na bidii ya ajabu ya kuubomoa. Konstantino alibatizwa mwaka 337 na askofu Eusebio wa Nikomedia, rafiki wa Ario, yule padri aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu ameumbwa. Mwanawe Konstansio aliupiga vita uamuzi wa Nikea, na Atanasi aliyeutetea alifukuzwa mjini kwake mara 5. Ugomvi haukutulia mpaka Mkutano wa Konstantinopoli wa mwaka 381.

Kuna jambo hapo ambalo kijana wako hatalisikia kwenye video fupi. Ugomvi wa Ario ulikuwa ugomvi wa kusoma. Fungua Mithali 8:22 katika Union Version, Hekima anazungumza: "Bwana alikuwa nami katika mwanzo wa njia yake." Ario, Atanasi na wenzao walisoma tafsiri ya Kigiriki, na hapo kitenzi ni "aliniumba". Pande zote mbili zilikubali kwamba Hekima ni Kristo. Hakuna aliyefikiria vingine. Ario akasema: tazameni, Mwana ameumbwa. Atanasi hakuweza kusema Mithali haimhusu Kristo, kwa hiyo alilazimika kuuliza neno hilo linasema juu ya nini, akajibu kwamba linasema juu ya ubinadamu alioutwaa, wala halisemi juu ya asili yake kwa Baba. Ukilielewa zoezi hilo moja, umeelewa theolojia ya karne ya 4 ilikuwa inafanywaje: aya ngumu, umbo zima la imani, na mtu anayebanwa katikati.

Hapo ndipo ninapotaka usome. Katika kila ukurasa uliza ni tatizo gani la andiko alilokuwa analitatua. Kama amekosea au amepatia, utaamua baadaye na utaamua vizuri zaidi.

Utaratibu wenyewe. Usiku wa kwanza soma Yustino, utetezi wake wa kwanza, sura ya 61 mpaka 67. Imo kwenye juzuu yako. Utaona ubatizo wao na ibada yao ya Jumapili kabla hujaona hoja zao. Usiku mbili zinazofuata soma Ireneo, zile sura za 8 hadi 10. Usimsome mfululizo tangu mwanzo: sura za kwanza ni orodha ndefu ya majina ya miungu ya wapinzani wake, na wasomaji wengi huzama hapo. Kisha tafuta kitabu chake kidogo kinachoeleza mahubiri ya mitume. Hutakikuta kwenye boksi, kwa sababu kilikuwa kimepotea; nakala ya Kiarmenia ilipatikana mwaka 1904, baada ya juzuu zako kuchapwa. Tafsiri ya Kiingereza ya J. Armitage Robinson ya mwaka 1920 inapatikana bure mtandaoni. Kina sura 100 fupi sana. Ukisoma 8 au 9 kwa usiku, wiki 3 zinatosha. Hakuna kitabu bora cha kukuonyesha jinsi Mkristo wa karne ya 2 alivyoisoma Biblia yote kama kisa kimoja. Baada yake Atanasi juu ya Neno kufanyika mwili, sura 57, tano kwa usiku. Halafu kile cha Augustino, vitabu vitatu vya kwanza. Cha nne kinahusu kuhubiri, na utakipenda, lakini kisubiri.

Origene mwache mwisho. Ukifika kwake, katika kazi yake juu ya misingi ya imani anza na mwanzo wa kitabu cha 4. Hapo tena utakuta safu mbili: moja imetafsiriwa kutoka Kigiriki, nyingine kutoka Kilatini cha Rufino, ambaye mwenyewe alikiri kwamba alilainisha sehemu zilizomtia shaka. Ya Kigiriki ndiyo uifuate.

Daftari uwe nalo. Soma kwanza aya ya Biblia peke yake, uandike kilichokushangaza wewe. Ndipo umsome Baba wa Kanisa, uandike neno lililomkamata, aya nyingine aliyoileta, na alipofika. Robo saa ya kuandika kati ya saa yako moja si nyingi. Bila hiyo, mwezi ukiisha utakumbuka tu kwamba walisema mambo ya ajabu.

Jiandae na hesabu ya Zaburi, maana itakusumbua. Tafsiri ya Kigiriki na ya Kilatini huunganisha Zaburi ya 9 na 10 kuwa moja, kwa hiyo kuanzia hapo namba zao ziko nyuma yetu kwa moja: "Bwana ndiye mchungaji wangu" kwao ni ya 22. Huunganisha pia 114 na 115, kisha huigawa 116 na huigawa 147, hivyo tatu za mwisho zinalingana tena. Mhariri wa kisasa hukuwekea namba zote mbili. Wa zamani hukuacha utafute. Na ukiona "Wafalme wa Kwanza" mpaka "wa Nne", viwili vya kwanza ni vitabu vyetu vya Samweli.

Simu yako itakushawishi utafsiri kurasa kwa programu. Itumie kwa sentensi moja moja, usiitumie kwa hoja. Neno la Kiingereza "economy" katika vitabu hivi lina maana ya mpango wa Mungu wa wokovu, programu inaweza kukuandikia uchumi. "Passion" ni mateso ya Kristo, itakupa shauku. "Person" itakuwa mtu, na kutoka nafsi tatu utajikuta na watu watatu, ambayo ni imani nyingine kabisa. Hata Wagiriki wenyewe walichanganyana: Nikea mwaka 325 iliyatumia maneno ousia na hipostasi kama yana maana moja, na kizazi kilichofuata kikafundisha ousia (asili) moja, hipostasi (nafsi) tatu. Kwa hiyo ukikuta maneno hayo, andika pembeni mwaka wa mwandishi kabla ya kumshtaki.

Vile vitabu viwili vya historia uviweke mezani kama kamusi. Angalia mwaka wa kuchapwa na mwandishi ni wa kanisa gani, kisha kila ukimaliza mwandishi mmoja wa kale soma kurasa zinazomhusu kwa kutumia faharasa. Kama kimojawapo ni cha J.N.D. Kelly, cha 1958, una bahati: kikavu kama mhogo wa juani, lakini makini, na kinaishia karne ya 5. Jaroslav Pelikan, juzuu 5 zilizotoka kati ya 1971 na 1989, ni mpana na mtamu zaidi, ila huweka marejeo ukingoni mwa ukurasa mpaka macho yazoee. Ukiona mwandishi anarudia kwamba imani safi ya Yesu ilichafuliwa na falsafa ya Kigiriki, ujue unasikia sauti ya Adolf von Harnack, mwanahistoria Mjerumani wa karne ya 19. Ni hoja nzito, si matokeo ya maabara.

Kuna mambo ambayo karatasi haimalizi. Ukiona kusoma kunakuondolea usingizi au sala, au ukitaka kulifundisha darasani jambo ambalo kanisa lako halifundishi, nenda kwa mchungaji aliyesomea theolojia, ukae naye na daftari lako. Hoja ikisimama juu ya neno la Kigiriki au Kiebrania, tafuta anayezijua lugha hizo. Usiamue kwa kamusi ya simu. Malimbe, hapo Nyegezi, kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kinachobeba jina la huyuhuyu unayemtilia shaka. Ulizia maktaba yao utaratibu wa msomaji wa nje, uende na kitambulisho.

Mzee wako usishindane naye. Anakulinda, na hajakosea kwamba vitabu hivi vinaweza kumpoteza anayesoma peke yake. Mwambie pia kwamba Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, iliyoko Algeria ya leo, na kwamba Atanasi na Origene walikuwa watu wa Misri. Baadhi ya wazee hupunguza ukali wakijua hilo. Kisha mwombe akusikilize unapomsomea Yustino sura ya 67, ni kama ukurasa mmoja: watu wa mjini na shamba wanakusanyika Jumapili, wanasomewa mitume na manabii, kiongozi anawaasa, wanasimama kuomba, wanashiriki mkate, wenye uwezo wanachangia yatima, wajane na wageni.

Na Luka 10 ya mwezi ujao? Anza na barabara yenyewe, jinsi inavyoshuka kwa ukali. Wape watoto swali la yule mwanasheria, jirani yangu ni nani, na uwaache walijibu kwa watu wa mtaani kwao. Somo likishatulia, dakika tano za mwisho waambie kwamba Wakristo wa zamani sana waliposikia kisa hiki walimwona pia Yesu akiwainua wao wenyewe kutoka barabarani, na uwaonyeshe Yohana 8:48. Sema waziwazi kwamba huo ni usomaji wa wazee wa Kanisa. Nyumba ya wageni kuwa Kanisa wataielewa haraka. Mtoto akikuuliza dinari mbili ni nini, mwambie ni malipo ya gesti: Ireneo aliona humo Baba na Mwana, Augustino akaona amri mbili za upendo, na hakuna kati yao aliyemtoza mwenzake kwa hilo.